Mufwankolo wa Lubumbashi na Uigizaji kwa Kiswahili katika Kongo

Historia ya maigizo nchini Kongo imezoea kufuata tamthilia zilizoandikwa kwa Kifaransa, ambazo zilichapishwa vitabuni, zikasomwa shuleni na kuonyeshwa katika kumbi za serikali na za makampuni, na mazoea hayo yamewanyima nafasi yao waigizaji waliofanya kazi bila maandishi, kwa lugha ya soko, ya baa na ya kambi za wafanyakazi wa migodi. Odilon Kyembe Kaswili wa Lubumbashi ni mmoja wa waigizaji hao. Umma ulimjua kwa jina la jukwaani, Mufwankolo, na jina hilo lilienea kiasi cha kulifunika lile alilopewa na wazazi, hata kikundi alichokiongoza nacho kikaitwa kwa jina hilohilo. Alianza katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, akapita katika uhuru na kujitenga kwa Katanga, akafikia kilele cha umaarufu wake katika enzi ya Mobutu Sese Seko, na katika safari hiyo yote alikuwa mtu wa jukwaa, wa redio na wa televisheni kwa Kiswahili.

Kazi yake ni ya aina ambayo wataalamu wa maigizo huiita uigizaji wa wahusika, yaani ule ambao mwigizaji hajulikani kwa kuwa shujaa kijana wa kisa wala kwa uzuri wa sura, bali kwa uwezo wa kumjenga mtu wa aina fulani, mwenye mwendo wake, sauti yake na udhaifu wake, hata mtazamaji akamtambua kabla hajafungua kinywa. Afrika ya Mashariki imewahi kuwa na mabingwa wa sanaa hii. Nchini Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliishi machoni pa watazamaji wa televisheni ya taifa kama Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi. Na nchini Tanzania, Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, aliwachekesha watu kwa miongo mingi kwa jina la Mzee Majuto. Mufwankolo ni wa ukoo huo, ila mazingira yake yalikuwa magumu zaidi kwa mambo mawili: Kiswahili chake hakikuwa kile cha pwani wala cha vitabu vya shule, na nchi yake ilitawaliwa na chama kimoja ambacho kilidai kila wimbo, kila ngoma na kila mchezo viwe vya kumsifu kiongozi. Kwamba maigizo yaliyostawi katika hali hiyo yaliweza kuyajadili madaraka yenyewe mbele ya kamera ni jambo linalohitaji maelezo, na sehemu kubwa ya maelezo hayo imo katika jinsi mwigizaji huyu na wenzake walivyoutengeneza mchezo.

Kwa msomaji wa Bunia, huko Ituri, Lubumbashi iko mbali, takribani kilomita 1,500 kuelekea kusini kwa mstari ulionyooka, na barabara ya kuiunganisha miji hiyo miwili si ya kutegemewa. Hata hivyo historia zao zinafanana kuliko ramani inavyoonyesha, kwa kuwa miji yote miwili imo katika ukanda wa Kiswahili unaoshuka kutoka Ituri kupitia Kivu na Maniema hadi Katanga, na yote miwili ilikuzwa na migodi. Dhahabu ya Kilo, upande wa Bunia, iligunduliwa mwaka 1903, uchimbaji ukaanza mwaka 1905, na kampuni ya migodi ya Kilo-Moto ilipoundwa mwaka 1926, wafanyakazi waliokusanywa kutoka kwa Walendu, Wahema, Waalur, Wabira, Wanyali na watu wa mbali zaidi walilazimika kuwa na lugha ya kuelewana kazini, kambini na sokoni. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili kilicholetwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikapunguzwa upatanisho wake wa ngeli, kikapokea maneno ya Kifaransa na ya lugha za wenyeji, na kikawa cha wenyeji wenyewe. Huko Katanga mambo yalikwenda kwa njia hiyohiyo, lakini kwa ukubwa zaidi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba, ilitegemea kwanza vibarua wa muda mfupi waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na kwingineko. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadilisha sera yake, ikaanza kuwaajiri wanaume kwa mikataba ya miaka kadhaa na kuwaruhusu waje na wake zao, wakipewa nyumba, posho ya chakula, zahanati na shule zilizoendeshwa na wamisionari Wakatoliki. Watawala waliita sera hiyo uthabiti wa nguvukazi. Matokeo yake yalikuwa kuzaliwa kwa kizazi cha watoto wa mjini Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kupewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, ambao baba zao walikuwa Waluba, Wabemba, Wasonge, Walunda au watu wa Kasai na Rwanda, lakini wao wenyewe walicheza, waligombana na kuchumbiana kwa Kiswahili. Kambi hizo hazikuwa mahali pa starehe. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi na askari, na makumi yao wakafa. Ni vema kulikumbuka tukio hilo, kwa sababu maigizo ya baadaye yaliyoonekana kuwa ya kuchekesha tu yalitungwa na watu waliojua vizuri gharama ya kumkabili mkubwa ana kwa ana.

Burudani ya kambini ilisimamiwa na wakubwa wale wale. Kulikuwa na skauti, kwaya, timu za mpira, vituo vya jamii na maonyesho ya sinema za wazi, na ndani ya shughuli hizo vijana walijifunza kupanda jukwaani, kwa kuwa michezo mifupi ya kuchekesha ilitumiwa kuchangamsha sherehe za parokia na sikukuu za kampuni. Sinema nazo zilitoa mfano. Katika miaka ya 1950, padre Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai filamu fupi za Matamata na Pilipili, wachekeshaji wawili Wakongo ambao makosa yao yalikusudiwa kuwafundisha watazamaji tabia njema, na ambao watazamaji waliwapenda kwa yale makosa yenyewe kuliko kwa fundisho. Wakati huohuo, kundi la watu walioitwa évolués, yaani Waafrika wenye elimu ya shule na kazi za ofisini ambao serikali ya kikoloni iliwapa vyeti vya kuthibitisha ustaarabu wao kuanzia mwaka 1948, lilikuwa likijitafutia heshima kwa kusema Kifaransa na kuvaa tai. Karani wa aina hiyo, mtu wa mshahara mdogo na maneno makubwa, alikuwa zawadi kwa mchekeshaji yeyote wa mjini.

Elisabethville ya miaka hiyo ilikuwa na vipaji vingi vya jukwaa. Katika mtaa wa Kenya, ambao ni sehemu ya mji huo na hauhusiani na nchi ya Kenya, lilikuwepo kundi la vijana wachekeshaji lililojulikana kwa kifupi kama JECOKE, lililochanganya nyimbo, dansi na vichekesho. Joseph Kiwele, mtunzi wa muziki wa kanisani, alipanua uwanja wa muziki wa mjini na baadaye akatunga wimbo wa taifa la Katanga lililojitenga. Mufwankolo na wenzake walitoka katika mazingira hayo, wakiwa na tofauti moja iliyokuja kuwa kubwa: wao waliyaweka mazungumzo mbele ya muziki, wakafanya mchezo wa maneno kuwa kazi yao kuu, na redio, ambayo haina macho, iliwalazimu kuyafanya maneno hayo yabebe kila kitu. Mwigizaji wa redio hawezi kutegemea kofia iliyopindwa wala tumbo la bandia. Analazimika kumfanya msikilizaji atambue kwa sentensi moja kwamba anayesema ni mke aliyechoka, polisi mwenye njaa ya hongo au mjomba aliyetoka kijijini jana, na mafunzo hayo ya sikio ndiyo yaliyoifanya sanaa ya kikundi hiki iwe ya lugha kabla haijawa ya picha.

Kipindi cha kujitenga kwa Katanga, kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963, kilileta vita, majeshi ya Umoja wa Mataifa na wakimbizi Waluba waliojazana kambini pembezoni mwa mji, na miaka iliyofuata haikuwa na utulivu mkubwa. Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, Union Minière ikataifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 na hatimaye kuwa Gécamines, nchi ikaitwa Zaïre tarehe 27 Oktoba 1971, na jimbo la Katanga likaitwa Shaba. Mabadiliko hayo ya majina yalikwenda pamoja na siasa ya urejeo wa uasilia, iliyowataka raia waache majina ya ubatizo, suti na tai. Kwa upande wa sanaa, MPR, chama pekee cha nchi, kilianzisha kile kilichoitwa animasheni ya kisiasa, yaani makundi ya nyimbo na ngoma ambayo kila ofisi, kiwanda na shule ililazimika kuwa nayo kwa ajili ya kumsifu Rais, na ambayo yalichukua fedha, muda na mavazi ambayo wasanii wengine wangeyahitaji. Kwenye televisheni ya taifa, taarifa ya habari ilitanguliwa na sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni.

Katika mitambo ya shirika hilohilo la utangazaji, ambalo kwa miaka mingi liliitwa OZRT, kikundi cha Mufwankolo kilipata nafasi yake huko Lubumbashi. Mtu aliyewasha televisheni ili aone mchezo wao aliona chumba kidogo, meza, viti, chupa ya bia, mume na mke wakibishana juu ya mshahara ulioisha kabla ya mwezi, jirani akiingia bila kubisha hodi, na kesi ya nyumbani ikipelekwa kwa wazee. Ulevi, uchawi, wivu, mahari, uvivu kazini, ubahili na ndugu wasiokwisha kuja kula vilikuwa mada za kawaida. Wanakikundi wengine nao walijulikana kwa majina yao ya jukwaani, kama vile Kachelewa, Tala Ngai, Bwana Cheko na Feza, na mtazamaji aliwafuata kutoka mchezo hadi mchezo kama anavyofuata habari za watu wa mtaa wake. Lubumbashi ilikuwa pia na maigizo ya namna nyingine. Mwondo Théâtre, kikundi kilichofadhiliwa na Gécamines katika miaka ya 1970, kilijenga maonyesho ya ngoma na visa vya jadi yaliyopata sifa hadi nje ya nchi. Lakini heshima ya ukumbi ni kitu kimoja na mazoea ya sebuleni ni kitu kingine, na Mufwankolo alikuwa mtu wa sebuleni.

Jambo la msingi katika sanaa yake ni kwamba mchezo haukuandikwa. Italia ya karne ya 16 na ya 17 ilikuwa na vikundi vya namna hiyo, vilivyojulikana kama commedia dell'arte, ambavyo waigizaji wake walishika aina moja ya mhusika kwa maisha yao yote, wakapewa muhtasari wa matukio tu, na kuyaunda mazungumzo papo hapo. Kikundi cha Mufwankolo kilifikia njia hiyo bila kuiga Italia. Kazi ilianza kwa wazo, ambalo lingeweza kuwa methali, tukio la mtaani au ombi la mtu. Wazo hilo lilijadiliwa na wote, kila mmoja akitoa mfano alioujua, hadi maana yake ikakubaliwa. Kisha likagawanywa katika vipande, yaani maonyesho madogo yenye mwanzo na mwisho wake. Kisha wahusika wakapangiwa watu. Na mazoezi yakafuata, ambamo kila mwigizaji alijaribu maneno yake, akakatizwa, akasahihishwa, akajaribu tena. Siku ya kurekodi, maneno hayakuwa yaleyale ya mazoezi, ila njia ilikuwa imekwishachongwa. Mtu asiyejua kazi hii hudhani kwamba kuigiza bila maandishi ni kusema chochote kinachokuja. Kwa kweli ni kinyume chake, kwa sababu anayekariri anaweza kutegemea kumbukumbu, wakati anayebuni analazimika kumsikiliza mwenzake kila sekunde, akijua kisa kinapaswa kufika wapi na muda uliobaki ni kiasi gani.

Kuna mambo mawili ambayo njia hiyo iliyawezesha. La kwanza ni uhalisi wa lugha. Kiswahili cha Lubumbashi kina ngazi nyingi, na mtu wa mjini huzipanda na kuzishuka bila kufikiri: Kifaransa kinapoingia, mara nyingi ni afisa, mwalimu au mtu anayejikweza, Kiluba au Kibemba kinapoingia, ni uzee, mila, hasira au maombolezo, na kati ya ngazi hizo kipo Kiswahili cha wote, kinachosemwa haraka, chenye mizaha ya mkato. Mwandishi akiketi mezani huelekea kuzisawazisha ngazi hizo ili ukurasa usomeke, lakini waigizaji waliobuni kwa midomo yao walizihifadhi zote. La pili ni uhuru. Mchezo usiokuwa na maandishi hauna karatasi ya kuwasilishwa ofisini ili mkaguzi apige mstari mwekundu, na neno lililosemwa na mlevi wa mchezo linaweza kukanwa kwa urahisi kuliko neno lililopigwa chapa. Si kwamba kikundi kilikuwa cha upinzani. Kilifanya kazi ndani ya shirika la serikali na kilijua mipaka yake. Kilichofanyika ni kwamba maswali mazito yaliingia kwa mlango wa nyumba, wa kijiji na wa methali, ambako mtazamaji aliyakuta na kuyapima mwenyewe.

Hakuna mahali ambapo jambo hilo linaonekana vizuri kuliko katika mchezo wa mwaka 1986 uliojulikana kwa jina la Kifaransa la Le pouvoir se mange entier, yaani madaraka huliwa yakiwa mazima. Chanzo chake kilikuwa mezani. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Ujerumani, ambaye aliwahi kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi kati ya mwaka 1972 na 1974 na baadaye akawa profesa huko Amsterdam, alikuwa amerudi mjini humo, na kuku alipoandaliwa kwa marafiki, yeye kama mgeni akapewa firigisi. Kila anayeijua meza ya Kikongo anajua kwamba firigisi si kipande cha nyama tu; ni ya baba wa nyumba au ya mgeni anayepewa heshima ya baba, na mtoto anayeidokoa jikoni hujutia siku hiyo. Mgeni alipotaka kuigawa, aliambiwa msemo huo. Alianza kuwauliza watu maana yake, na alipowafikishia Mufwankolo na wenzake swali hilo, walilipokea kama walivyopokea mawazo mengine, kwa kulifanya mchezo.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ni mara chache ambapo hatua zote za kuzaliwa kwa mchezo wa namna hii zimenaswa katika mikanda ya sauti. Katika mjadala wa kwanza, waigizaji hawakukubaliana juu ya maana ya msemo. Inawezekana kuusikia kama onyo kwa mtawala, kwamba asimgawie mtu kiti chake, kwa kuwa mamlaka yenye wakubwa wawili huzaa fujo. Na inawezekana kuusikia kama lawama, kwamba anayekula peke yake anawanyima wengine haki yao. Kiongozi anayekula kila kitu ni nguzo ya nchi au ni balaa lake? Katika Zaïre ya mwaka 1986, baada ya zaidi ya miaka 20 ya mtu mmoja madarakani, swali hilo halikuwa la kinadharia, na hakuna aliyehitaji kulitaja jina la Rais ili lieleweke. Waigizaji waliliweka kijijini, kwa shefu, yaani mkuu wa kijiji, wazee wake wa baraza, wake, wagomvi na raia, wakaupima msemo kwa matukio, wakiuliza utaratibu hujengwa na nini na huvunjwa na nini.

Mazoezi yaliyofanyika mjini hayakutosha. Kwa ajili ya kurekodi, kikundi kilikwenda katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, pamoja na mafundi wa televisheni, na wanakijiji wakaingia katika mchezo kama raia wa shefu wa kuigiza, huku kijiji chenyewe kikiwa na shefu wake wa kweli. Hapo ndipo ufundi wa wahusika ulipojaribiwa, kwa sababu mwigizaji aliyezoea chumba cha studio alikuwa sasa na anga, vumbi, watoto na umati ambao haukufanya mazoezi, na alipaswa kuuongoza umati huo kwa salamu, kwa vigelegele na kwa amri bila kuuondoa mchezo katika mstari wake. Salamu za heshima kwa shefu, kupiga makofi, kuinama na kunyamaza kwa pamoja ni mambo ambayo wanakijiji waliyajua kuliko waigizaji wa mjini, na kwa hiyo maarifa yalikwenda pande zote mbili. Fabian alichapisha matini nzima ya mazoezi na ya onyesho, kwa Kiswahili na kwa tafsiri, pamoja na uchambuzi wake, katika kitabu cha mwaka 1990. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba utamaduni hauwezi kuelezwa na mtafiti kwa kuuliza maswali tu. Sehemu yake kubwa hujitokeza pale unapotendwa, na mtafiti anayebahatika huwa sehemu ya tukio linaloutoa. Hoja hiyo imejadiliwa sana na wanaanthropolojia. Linalosahaulika katika majadiliano hayo ni kwamba iliwezekana kwa sababu kilikuwepo kikundi chenye uzoefu wa miongo mitatu wa kuligeuza swali kuwa mchezo ndani ya siku chache.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya msiba kwa mji uliowalea waigizaji hao. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mwaka huohuo wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi waliuawa katika shambulio la usiku la mwezi Mei, mwaka 1991 ukaleta uporaji wa askari, na mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Katanga na walisema Kiswahili kama lugha ya kwanza, walifukuzwa kwa maelfu. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia katikati ya miaka ya 1990. Sanaa iliyotegemea mji wa mishahara ilipoteza tegemeo lake. Nafasi ya kampuni na ya shirika la utangazaji ikachukuliwa kidogokidogo na mashirika yasiyo ya kiserikali, yaliyowataka waigizaji wacheze juu ya UKIMWI, uchaguzi au kipindupindu. Mtafiti Maëline Le Lay, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya maigizo ya Katanga, ameonyesha jinsi shabaha ya kufundisha ilivyotawala jukwaa la jimbo hilo, na jinsi ilivyo na mizizi mirefu inayorudi hadi kwenye michezo ya parokia na ya kambi.

Bunia iliijua hali hiyo kwa njia yake. Mjini humo, tangu miaka ya 1970, Radio Candip ya Chuo cha Ualimu, ISP Bunia, ilikuwa imejenga desturi ya utangazaji wa elimu kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa lugha za mkoa, na vilabu vya wasikilizaji vijijini viliupokea na kuujadili. Mapigano ya Ituri yaliyoanza mwaka 1999, na hasa yale ya Mei 2003 yaliyoigawa Bunia mtaa kwa mtaa hadi kikosi cha Umoja wa Ulaya kilipotumwa katika operesheni ya Artemis, yaliifanya kila sauti ya hadharani kuwa jambo la hatari. Baada ya hapo yalikuja maigizo shirikishi, yaliyoenezwa mashariki mwa Kongo na mashirika kama Search for Common Ground. Msingi wake ni kazi ya Mbrazili Augusto Boal: waigizaji huonyesha mgogoro hadi unapofikia ncha, husimama, na kumwalika mtazamaji apande jukwaani kujaribu suluhisho lake. Mbinu hiyo imewasaidia watu waliokuwa hawasalimiani wakae uwanja mmoja. Lakini ina upungufu ambao kazi ya Mufwankolo inaufichua, nao ni kwamba mada huchaguliwa na mfadhili, ujumbe hujulikana kabla ya mjadala, na mwigizaji hubadilishwa kutoka mradi hadi mradi, hivyo hapati miaka ya kumkuza mhusika mmoja hadi umma umwamini. Umma wa Lubumbashi ulimsikiliza Mufwankolo akigusa mambo mazito kwa sababu ulikuwa umekwishamcheka mara nyingi katika mambo mepesi, na imani ya namna hiyo haiwezi kuingizwa katika bajeti ya miezi sita.

Mbali na kitabu cha mwaka 1990, kazi ya kikundi hiki imehifadhiwa kwa kiwango kisicho cha kawaida kwa maigizo yasiyoandikwa. Walter Schicho wa Vienna na Mbayabo Ndala walichapisha mwaka 1981 kitabu chenye jina la kikundi hicho, na Fabian, akishirikiana na Vincent de Rooij, ameweka matini za utamaduni wa Kiswahili cha Katanga katika hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa Amsterdam. Matini hizo zimeandikwa kama zilivyosemwa, bila kusahihishwa ngeli wala kufichwa Kifaransa, na zinaonyesha mahali mwigizaji alipokatizwa, aliporudia na mahali wawili waliposema pamoja. Mwanafunzi wa Bunia anayezisoma hakutani na lugha ya kigeni. Atakuta tofauti za hapa na pale kati ya Kiswahili cha shaba na kile cha dhahabu, hasa katika maneno yaliyokopwa kutoka lugha za jirani, lakini ugomvi wa mume na mke, namna ya kumwendea shefu na hila za karani ataweza kuvipeleka darasani au jukwaani siku hiyohiyo, akianza na wazo, akiwauliza wenzake kila mmoja analijua kwa mfano gani, na kugawa vipande kabla ya kugawa maneno.